Marehemu Apokea Simu

Tulimwacha Bi Santuri amekaa juu ya katoni ya kanda za muziki, kikombe kimemponyoka, chai inajitafutia njia chini ya meza, na simu ya mgeni inaongea kwa sauti ya mume wake.

Mume mwenyewe yuko kaburini mwaka wa sita huu.

"Karibu, karibu," simu ilisema. "Vuta kiti, ukae. Usiwe na haraka. Umekula wewe? Kama hujala, kula kwanza, nitakungoja. Muziki na njaa havikai kifua kimoja. Leo nimekuletea..."

Kimya. Halafu ikaanza upya, "Karibu, karibu," kama vile haikuwahi kusema.

Mgeni alikuwa afisa wa kampuni ya simu, kijana mwenye tai na adabu zake. Alikuja kuwaonyesha jinsi nyimbo zao zitakavyouzwa: ukimpigia mtu, badala ya kusikia mlio ule wa kukereketa, unasikia wimbo mpaka apokee. Alikuwa amepiga namba iliyowekewa wimbo wa mzee Chiriku, mwimbaji mkongwe kuliko wote wa kampuni ndogo ya muziki aliyoiacha marehemu. Walikuwa wanangoja gitaa. Likaja jambo jingine.

Chiriku naye alikuwepo, amevaa kofia yake ya jukwaani ili ajisikilize vizuri. Aliivua polepole. Huwezi kumkalia marehemu na kofia kichwani.

"Ikate hiyo simu, mwanangu," Bi Santuri alisema.

Afisa aliikata. Kisha, bila kuambiwa na mtu, akainama akaokota kikombe, akafuta chai kwa leso yake mwenyewe. Bi Santuri aliliona hilo hata katika mshtuko wake, akaliweka moyoni.

Wengine walidhani ni mzimu. Yeye alijua mara moja ni nini, na akashangaa amesahau vipi.

Zamani za kanda, mashine nyingi zilikuwa na meno. Ukibonyeza kitufe, zinaushtua ukanda pale mwanzoni, zinauvuta, siku nyingine zinautafuna kabisa. Mume wake alichoka kuona nyimbo za watu zinaharibiwa vichwa. Basi kila kanda aliyoitoa, aliijaza mwanzo wake maneno yake mwenyewe. Anamkaribisha msikilizaji, anamuuliza hali, anamsimulia kisa, ndipo wimbo unaanza. Wengi waliyarusha mbele maneno hayo. Hakujali. Alikuwa akisema, "Mashine ikila, inile mimi. Imwache mwimbaji."

Sasa sauti ile imeingiaje kwenye simu?

Bi Santuri alimgeukia mkwe wake, mke wa mwanawe wa pekee. Binti huyu ndiye aliyekaa miezi mizima mbele ya kompyuta, akizihamisha nyimbo zote kutoka kwenye kanda, moja baada ya nyingine, mpaka macho yakamvimba. Mkwe alikuwa anaangalia vidole vya miguu yake.

"Maneno ya baba yako uliyasikia?"

"Niliyasikia, mama. Yote."

"Mbona hukuyaondoa?"

Mkwe aliinua macho. "Baba alikuwa anazungumza, mama. Ningemkatizaje?"

Chiriku aliangua kicheko, akajaribu kukigeuza kikohozi, kikakataa. Afisa alibaki ameduwaa, mpaka akakumbuka kwamba na yeye ana baba mkwe, akatikisa kichwa kwa huruma.

Kwani tangu aolewe katika nyumba ile, binti huyu hajawahi kufungua mdomo kabla baba mkwe hajamaliza. Siku moja chungu kiliungua jikoni, moshi unaingia sebuleni, na yeye amesimama mlangoni anangoja kisa kiishe ndipo aombe ruhusa ya kwenda kuzima moto. Baba mkwe alikula mboga ile iliyoungua mpaka akakomba sahani. Alisema ina ladha ambayo mboga nyingine hazina.

Mtu kama huyo unamkatizaje, hata kama amekufa?

Lakini mashine ya kampuni ya simu haina mkwe. Yenyewe hupokea wimbo, hukata sekunde arobaini za mwanzo, hutupa zilizobaki. Kila wimbo ulioingia, ilichukua maneno ya mzee na kuuacha muziki nje mlangoni. Na nyimbo zilikuwa zimeshafunguliwa kwa wateja tangu asubuhi.

Simu ya afisa ililia. Alipokea, akasikiliza, akawa anasema tu ndiyo, ndiyo mkuu, nimeelewa mkuu. Alipoiweka chini, uso ulikuwa umesinyaa. Alieleza kwa sauti ya chini, kama mtu anayetoa habari za mgonjwa, kwamba meneja amewaka. Kuna mteja amelalamika amempigia wakili wake akaulizwa kama amekula. Meneja anataka nyimbo safi, zisizo na neno la mtu, Ijumaa mchana. Zisipofika, anarudisha kila kitu, na nafasi yao anapewa mwingine.

Bi Santuri alikiangalia kupitia kioo chumba cha kurekodia, nyuma ya duka lao la kanda. Trei za mayai ukutani za kuzuia mwangwi, kipaza sauti kimoja kwenye mguu wake, kiti kilichochakaa upande mmoja kwa sababu wapiga gitaa hukalia upande mmoja. Mwanawe alishasema, kwa upole lakini alisema, kwamba kanda hazinunuliki tena, kwamba siku hizi mtu hubeba muziki kiganjani, na kwamba yuko muuza magodoro anayekitaka chumba hicho. Mkwe peke yake ndiye aliyesema, "Tujaribu simu kwanza." Simu ikishindikana, mwisho wa mwezi magodoro yanaingia.

Na wazee wake wanaoimba wataimbia wapi? Juu ya magodoro?

Chiriku alikuwa anaizungusha kofia mikononi. "Shemeji," alisema, "mimi nilimtangulia mumeo jambo moja tu, kuzaliwa. Mengine yote alinipita. Alioa kwanza. Akazeeka vizuri. Akafa kwanza. Leo naambiwa wimbo wangu umeingia kwenye simu, nawaambia wajukuu nipigieni, wananipigia, wanamsikia yeye."

Alicheka alipokuwa akisema. Lakini kofia ile aliikunja mpaka ikapoteza umbo, na Bi Santuri akaona.

"Tutakata," alisema.

Mkwe alivuta kiti mbele ya kompyuta, akaweka mkono, akauondoa. Akajaribu tena. Machozi yakamlenga.

"Toka hapo, mwanangu," Bi Santuri alimwambia. "Nionyeshe pa kubonyeza tu. Mimi ni mke wake. Mimi nimemkatiza maneno tangu siku ya harusi."

* * *

Jumatano nzima Bi Santuri alikaa amevaa vile vifuniko vya masikio, anamkata mumewe.

Alikuwa ameogopa. Miaka sita hakuthubutu kusikiliza kanda hata moja. Alidhani atalia. Kilichomtoka kwenye wimbo wa kwanza ni kicheko, maana mzee alikuwa anamuomba msikilizaji radhi kwamba mpiga tarumbeta amechelewa, anafikiri amelala, na nyuma kabisa unasikia mtu anakoroma.

Hakutupa kitu. Kila kipande alichokata alikiweka pembeni, mahali ambapo mkwe alimtengenezea ndani ya kompyuta na kupaita "Maongezi ya Baba."

Alasiri akaufikia wimbo wa Chiriku. Akasikia karibu, karibu. Akasikia umekula wewe. Akafika pale ambapo simu ilikuwa inakata, akaendelea.

Alivua vifuniko vya masikio, akamwita Chiriku aliyekuwa dukani anajifanya anafuta vumbi. Akaichomoa waya ili sauti itoke nje. Marehemu akasema:

"Leo nimekuletea rafiki yangu. Ana mafua, lakini amekuja. Amekuja kwa miguu, maana nauli yake amempa mpiga ngoma, ambaye mkewe amejifungua jana. Yeye anadhani sijui. Haya, msikilize sasa, na ukimsikia anavuta kamasi, umsamehe."

Gitaa likaanza.

Chiriku alitafuta kiti kwa mkono, bila kukiangalia.

"Alijua?"

"Alijua."

"Hakuniambia hata siku moja."

"Aliwaambia watu wote walionunua kanda," Bi Santuri alisema. "Wewe hukuwahi kuinunua. Ulipewa bure, ukairusha mbele mpaka kwenye sauti yako."

Mzee yule, ambaye jina la Chiriku alilipata kwa kutoweza kunyamaza, alinyamaza. Kisha akaomba kipande kile kisikatwe. Bi Santuri alimjibu kwamba kukatwa lazima kikatwe, vinginevyo magodoro. Lakini hakitatupwa. Chiriku akaichukua kofia yake, akaanza kuinyoosha.

* * *

Alhamisi asubuhi Bi Santuri alifika dukani akakuta watu wamejaa mpaka barabarani.

Moyo ukamshuka hadi kwenye viatu. Alidhani wamekuja kugomba. Alijikaza, akapenya katikati yao, huku akiomba radhi kulia na kushoto, akisema nyimbo zinasafishwa, kesho kila kitu kitakuwa sawa.

Fundi cherehani mmoja, utepe wa kupimia bado uko shingoni, alimshika mkono.

"Zinasafishwa nini, mama? Sisi tumekuja kuuliza. Mzee amemleta nani?"

Bi Santuri hakuelewa.

"Anasema leo nimekuletea, halafu anakatika. Mume wangu nimemkataza kupokea simu zangu mapema, nisikilize, na bado anakatika palepale. Tangu juzi sijaongea na mume wangu, nampigia namsikiliza huyu. Amemleta nani?"

Kumbe wote walikuwa na shida hiyo. Kila mtu na kisa chake kilichokatwa katikati. Mwingine anataka kujua mwizi wa ngoma alikamatwa wapi. Mwingine anauliza kama yule mpiga tarumbeta aliamka. Mwashi mmoja, mikono ina saruji kavu, hakuuliza kitu. Alisema tu kwamba tangu baba yake afariki hakuna mtu aliyewahi kumuuliza kwenye simu kama amekula. Watu wakampisha asogee mbele.

Bi Santuri alimtazama mkwe wake. Mkwe alikuwa ameshaanza kubeba spika kuja nayo dirishani.

Akawafungulia Maongezi ya Baba, na baada ya kila kisa akauacha wimbo wake uende. Watu walicheka, wakapigana mabega. Lilipokuja la mafua na nauli, kelele zilikwisha. Gitaa likaingia. Sauti ya Chiriku, ya ujana wake, ikatoka dirishani ikatembea mtaa mzima, na mafua yake ndani yake. Fundi cherehani akakidaka kiitikio. Mwashi akaitikia. Wengine hawakuyajua maneno, wakaimba hivyohivyo.

Mwenye sauti alikuwa amesimama nyuma kabisa karibu na mfereji, kofia imenyooka. Hakuna aliyemtambua. Ni mkwe aliyenyoosha kidole.

Hapo ndipo mzee wa watu alipopigiwa makofi mpaka akakosa pa kuweka mikono.

* * *

Ijumaa mchana afisa alikuja, akawakuta Bi Santuri, mkwe na Chiriku wanamngoja. Tai ameilegeza, na hakutabasamu.

Bi Santuri alimpa kifaa kidogo chenye nyimbo safi, zote, hakuna neno la mtu ndani yake. Alikuwa amezimaliza asubuhi ile. Afisa hakukipokea.

Alisema kuna tatizo kubwa zaidi. Tangu Jumanne watu wanapiga simu lakini hazipokelewi. Zinaita mpaka zinakatika, wanapiga tena. Wenye simu wameombwa na jamaa zao wasipokee. Sasa kampuni ya simu hula kwa simu iliyopokelewa, si kwa simu inayoita. Meneja ameitisha kikao, amepiga meza.

Bi Santuri aliuona mlango unafunguka na magodoro yanaingia.

"Kwa hiyo ndiyo basi," alisema.

"Mama, sijamaliza," afisa alisema, na mkwe akaangalia chini kwa aibu kwa niaba ya mama mkwe wake. "Katika kikao kile kila mtu aliyepigiwa meza alikuwa anauliza kisa kinaishaje. Meneja mwenyewe kauliza. Ndipo tukapata akili. Nyimbo safi tunazichukua, zote, ziende kwenye simu za watu kama tulivyopatana. Na maongezi nayo tunayataka, kando. Tutayapa namba yake. Mtu anapiga, simu inapokelewa palepale, anamsikiliza mzee mpaka mwisho, na wimbo wake baada yake. Hakatizwi na mtu."

Mkwe alishika ukingo wa meza. Lile la mwisho ndilo lililomuingia.

Kabla furaha haijawaka vizuri, afisa aliinua mkono. Meneja atatia saini leo, lakini ana sharti moja. Kuna kisa kimoja kinachoulizwa kuliko vyote. Kisa hicho akipate kizima kabla hajatia saini, la sivyo ataamini kwamba visa vyenyewe havina miisho na kwamba anauziwa mbuzi ndani ya gunia.

Aliweka simu mezani, akapiga namba.

"Karibu tena," marehemu alisema. "Leo nina furaha, nitakuambia siri. Siku niliyomwona mke wangu alikuwa amesimama kwenye foleni ya maji, amekasirika, ndoo yake imepitwa. Wenzangu wakaniambia yule usimguse, ulimi wake ni wembe. Mimi nikamwendea hivyohivyo. Nikasimama mbele yake, magoti hayana nguvu. Nikamwambia..."

Kimya.

Wote watatu walimgeukia Bi Santuri. Uso wake ulikuwa umepata joto kama wa msichana.

Mkwe aliikimbilia kanda yenyewe, maana nakala ya kwenye kompyuta ilikwama hapohapo, akitumaini kosa ni la kompyuta. Ilikuwa ndiyo ile iliyochezwa dukani miaka na miaka, nyingine za wimbo huo zilishauzwa zote. Akaiweka, akaipeleka mahali penyewe. Mzee akasema nikamwambia, halafu ukatoka mngurumo kama wa mbuzi aliyemeza mfupa, mrefu, wa kusikitisha. Halafu wimbo, mzima, safi, haujaguswa hata nywele.

Mashine ilikuwa imemla yeye. Imemwacha mwimbaji.

Afisa aliangalia saa yake, akaangalia mlango, hakupenda kulisema. Mkwe ndiye aliyesogea, akapiga goti kidogo mbele ya mama mkwe wake.

"Mama, anayejua mwisho wake ni wewe peke yako."

Bi Santuri alikataa. Alisema yale si maneno ya kusemwa mbele ya watoto. Alisema hajawahi kusimama mbele ya kipaza sauti, kazi yake ilikuwa upande huu wa kioo, kuchemsha maji ya wenye makoo makavu. Alisema sauti yake ni ya kuitia kuku. Mkwe hakubishana. Alikwenda tu akakipangusa kile kiti kilichochakaa upande mmoja, akakisogeza, akamwekea kikombe cha maji ya moto pembeni, jinsi yeye alivyokuwa akiwawekea wengine.

Bi Santuri alikiona kikombe kile, akaingia.

Chiriku alibaki nyuma yao. Alikuwa ameegemea ukuta tangu kile kisa kilipoanza kwenye simu, na rangi imempotea. Hakuna aliyemtazama.

Afisa alimpigia meneja, akamwambia asikilize moja kwa moja, akaishikilia simu karibu na spika. Mkwe akabonyeza. Taa nyekundu juu ya mlango ikawaka, na mtambo ukaanza kurekodi.

Bi Santuri alikisogelea kipaza sauti, akakohoa kidogo. Kisha akacheka peke yake, kicheko kifupi cha mtu aliyekiona kitu cha zamani kikiwa bado kipya.

"Magoti yake hayakuwa na nguvu, hilo ni kweli," alisema. "Nikamuuliza unataka nini. Akaniangalia, akaniambia hivi..."

Mlango ukafunguka.

Tangu chumba kile kijengwe, hakuna mtu aliyewahi kuufungua mlango ule taa ikiwa nyekundu. Marehemu alishamfukuza mpiga zumari kwa kosa hilo. Na aliyeufungua sasa anaijua sheria hiyo kuliko wote.

Chiriku alisimama kizingitini, kofia kifuani.

"Usiyaseme kwa jina lake, shemeji," alisema. "Nilikaa nayo mpaka leo, ningekufa nayo, lakini sasa yanakwenda kwenye masikio ya watu wote. Maneno yale nilimpa mimi. Niliyatunga mimi, usiku kucha, kabla ya foleni ile."

Bi Santuri alimtazama bila kupepesa.

"Ulimtungia rafiki yako," alisema. "Ubaya uko wapi?"

Nje ya kioo, afisa alikuwa amesahau kuiondoa simu kwenye spika. Taa ilikuwa bado nyekundu.

"Ndiyo hivyo, shemeji," Chiriku alisema. "Sikumtungia yeye. Nilikuwa nimeyatunga nije nikuambie mimi."